Chupa ya Russell Amsden

Saa tatu asubuhi Sherifu Carmody aliiweka fomu mezani kwa Sajenti Ofelia Lucero, akaigonga kwa kidole mara mbili pale palipoandikwa "ajali."

"Tia sahihi, Lucero. Saa sita wale wawili wanarudi kwao Texas. Watu wamempoteza rafiki yao, nasi tumewaweka motelini siku tatu kama wezi wa ng'ombe."

"Sijamaliza kuorodhesha vitu vya marehemu."

"Vitu gani? Kamba na soksi chafu!" Carmody alikuwa na uchaguzi mwezi wa Novemba, na hakupenda maiti wanaohitaji maelezo marefu. "Saa sita. Kama haitakuwa sahihi yako, itakuwa yangu."

Akatoka. Ofelia alimtukana kimoyomoyo kwa Kihispania, lugha ambayo Carmody, baada ya miaka thelathini ya kuishi Salitre, alikuwa ameijua kiasi cha kuagizia bia tu.

Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kidogo. Ijumaa asubuhi marafiki watatu kutoka Lubbock, Texas, Wade Kubena, Lorna Pickett na Russell Amsden, waliingia Pango la Cabra, huko nyuma kabisa kwenye milima ya Guadalupe, saa nne za kutembea kutoka mahali gari linapogoma kwenda. Walitoka wawili. Walieleza kwamba Russell alianguka kwenye shimo la mita kumi na mbili, huko ndani kabisa, akafa papo hapo. Wakafika kwenye gari usiku, gari likakataa kuwaka, na habari ikafika ofisini Jumapili adhuhuri. Jumatatu waokoaji wakaingia. Jumanne wakamtoa. Leo ilikuwa Jumatano, na wale wakishavuka mpaka wa jimbo, Carmody hangetoa hata petroli ya kuwafuata.

Kutoka Ijumaa mpaka Jumapili. Hapo ndipo palipomkwama Ofelia kooni. Daktari wa kaunti hakuweza kumsaidia, kwa sababu ndani ya pango baridi ni ile ile mchana na usiku, na maiti iliyokaa mle haisemi imekufa saa ngapi. Nyonga ilikuwa imevunjika na paja limevunjika. Mengine yangejulikana maiti ikishapasuliwa Albuquerque, baada ya wiki tatu.

Kwenye stoo alimkuta Don Chevo Tafoya amepiga magoti juu ya turubai, anapanga vitu vya marehemu. Huyu alikuwa mzee wa miaka sitini na saba, mstaafu wa mgodi wa potashi, na ndiye aliyewaongoza waokoaji. Hakuna pango kaunti nzima ambalo hajaacha ngozi ya viwiko vyake humo.

"Niambie kamba imekatwa kwa kisu," Ofelia alisema, "nami nitakununulia chakula mwezi mzima."

Mzee aliipitisha kamba vidoleni, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wake. "Basi nitakufa njaa. Kamba ni nzima, mwanangu, hata mimi ningeipanda leo. Jiwe walilolifungia ndilo lililong'oka. Nimeliona kule chini, kubwa kama jiko. Mungu ndiye aliyelisukuma, na huyo huna pingu zinazomtosha."

"Na betri ya gari je? Fundi anasema betri ni nzima, ila waya wake ulikuwa umelegea."

"Barabara ile inalegeza hata meno."

Ofelia alivuta kiti akaketi, goti lake likalia. Alianza kusoma orodha kwa sauti naye mzee akionyesha kitu kimoja kimoja. Helmeti. Taa tatu. Mikanda ya kiunoni. Viatu safi vya kitambaa. Chupa mbili za maji, zote tupu. Karanga. Sweta.

"Endelea," alisema Don Chevo.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Chupa yake iko wapi?"

"Si hizo hapo mbili?"

"Hizo za maji. Nasema ya mkojo."

Ofelia alimtazama aone kama anatania. Mzee hakuwa anatania.

"Mle ndani hakuna mvua wala upepo," alisema. "Ukikojoa leo, mjukuu wa mjukuu wako ataukuta bado unanuka. Kwa hiyo kila mtu na chupa yake. Unatia, unafunga, unatoka nayo. Nimemwona mtu kavunjika mkono, analilia mama yake, na bado anaulizia chupa yake iko wapi. Huyu Amsden alikuwa mtu wa mapango miaka kumi na tano. Haingii bila chupa, sawa na wewe usivyokuja kazini bila suruali."

"Labda mwenzake alimbebea."

Don Chevo alicheka mpaka kikohozi cha mgodini kikamshika. "Nitakubebea kamba. Nitakubeba wewe mwenyewe mgongoni, na hilo goti lako bovu. Lakini mkojo wako utaubeba mwenyewe. Huo hakuna anayekubebea, hata mumeo!"

Ofelia aliandika "chupa" na kuizungushia duara. "Mlimtoa vipi?"

"Kwa kupitia La Novia, njia nyingine hakuna." Bibi Harusi ndivyo walivyoiita ile njia nyembamba kabla ya shimo: mita tisa za maua ya jasi, si mimea bali madini yaliyochipuka mwambani, meupe, marefu kama vidole vya mtoto, kuta zote mbili na dari. Mtu huvua viatu vya matope, huvaa vile safi vya kitambaa, huingia ubavu ubavu na kuzuia pumzi. "Tulimfunga kwenye shuka kama mkeka uliokunjwa, tukampitisha ubavu. Hatukuvunja hata ua moja. Yule Kubena aliomba kuja, akatungoja nje. Alitushika mikono mmoja mmoja, machozi yanamtoka. 'Maua ni salama?' Ndilo neno lake la kwanza. Tukamwambia salama. Akakaa chini kwenye mawe, akashusha pumzi."

"Hakuuliza habari za rafiki yake?"

"Baadaye aliuliza."

"Na kama Amsden angekuwa hai?"

Mzee aliacha kukunja kamba. "Hai, na nyonga imevunjika? Huyo humkunji. Huyo ni machela ngumu, na machela haipiti La Novia. Tungeingia na nyundo na patasi. Penye mwamba mgumu, baruti ndogo. Siku nzima tungevunja. Kusingebaki kitu pale, mwanangu, kungebaki unga."

Ofelia alifunga daftari polepole. Wazo lililomjia lilikuwa baya kuliko kisu chochote.

Lorna Pickett, aliyeletwa kutoka motelini, alikuwa chumba cha pili, na kikombe cha kahawa ambacho hajakigusa. Alikuwa muuguzi wa meno, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwembamba, aliyetafuna kucha zake mpaka damu. Ofelia hakumpa pole. Pole alikwisha kumpa Jumapili.

"Chakula cha mchana mlikula wapi Ijumaa?"

"Kabla ya La Novia. Mabegi makubwa tunayaacha hapo, hayapiti."

"Russell alikuwa na chupa ya mkojo?"

Lorna alishtuka, kisha akacheka cheko moja kavu. "Tunayo sisi sote, tukiwa ndani haitoki kiunoni. Yake ina utepe wa rangi ya chungwa. Wa Wade ni wa bluu, wangu mweupe, ili tusichanganye vitu. Kwa nini?"

"Ilikuwa na kitu ndani?"

"Tupu. Nakumbuka kwa sababu alikuwa akinitania. Aliipiga kama ngoma mbele ya uso wangu. 'Tazama, Lorna, nimekauka kama mjusi, nyinyi mnavuja tu.' Russ alikuwa na utani wa kijinga."

"Muda gani baadaye alianguka?"

"Hata saa moja haikuisha."

"Na katikati hapo hakukojoa?"

"Tulikuwa pamoja muda wote. Kama angekojoa ningeona. Huko ndani hatuna aibu hizo."

"Alipoanguka ukafanya nini?"

"Wade alinituma nirudi kuchukua begi la dawa. Kupita La Novia, kubadili viatu, kurudi... Ilinichukua kama nusu saa. Niliporudi, Wade alikuwa ameshuka na kamba ya akiba na kupanda tena. Akaniambia, 'Amekwenda, Lorna. Hakuhisi kitu.'"

"Hukushuka mwenyewe kumwona?"

"Wade alisema nisimwone vile."

"Wewe ni muuguzi."

"Wa meno," alisema Lorna kwa sauti ndogo.

Ofelia aligeuza ukurasa. "Halafu Jumamosi Wade alikuwa wapi?"

"Gari lilipokataa kuwaka, alisema atapanda kilele kutafuta mtandao. Aliondoka usiku huo huo. Kifundo changu kilikuwa kimevimba, nikabaki garini. Alirudi Jumapili alfajiri, akafungua boneti, gari likawaka."

"Mlipokuwa mnatoka pangoni Ijumaa, ulisikia kitu?"

Lorna alikishika kikombe kwa mikono miwili. Macho yake yalikwenda mlangoni, yakarudi.

"Bi Pickett."

"Kitu kilikuwa kinagonga," alisema. "Jiwe juu ya jiwe. Mara tatu, kimya, mara tatu. Wade alisema ni matone ya maji."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilisema sawa."

Ofelia aliyaandika maneno hayo mawili, akaigeuza karatasi na kumpa kalamu atie sahihi chini yake. Lingekuwa jambo la huruma kumwambia ni kweli, huenda yalikuwa matone. Hakumwambia.

Wade Kubena alitia sahihi kibali cha kupekuliwa begi lake bila kukisoma. Alikuwa mwalimu wa sekondari, miaka hamsini na mbili, nadhifu, shati limenyooka hata baada ya siku tatu za moteli. Alisomewa haki zake, akasema wakili wa nini, yeye na wakili wana biashara gani. Begi lilikuwa nyuma ya gari lake uwanjani. Ofelia alivaa glavu na kulifungua mbele yake, juu ya meza.

Vitu vilipangwa kama dawa dukani. Maganda ya biskuti yalikuwa yamekunjwa na kufungwa mpira. Kwenye mfuko wa pembeni, chupa mbili za plastiki zenye midomo mipana. Moja ilikuwa na utepe wa bluu. Nyingine ilikuwa na utepe wa rangi ya chungwa, imejaa mpaka shingoni, na kilichokuwa ndani kilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, kama mkojo wa mtu aliyekosa maji.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

"Hii ya nani?"

Wade aliitazama chupa. Uso wake haukubadilika, ila alisahau kupepesa macho.

"Ya Russ. Alinipa nimbebee."

"Watu wa mapango hubebeana mikojo?"

"Wakati mwingine."

"Don Chevo Tafoya yuko hapo nje. Nimwite umwambie hivyo mbele yake?"

Wade alinyoosha kola ya shati lake.

"Lorna aliiona chupa hii wakati wa chakula. Tupu. Saa moja haikuisha, Russell akaanguka, na wewe umeandikisha kwamba alikufa papo hapo. Basi nieleze, Wade. Nani aliijaza? Maiti ilikojoa lita nzima, halafu ikafunga kifuniko?"

"Kilikuwa kimelegea," alisema Wade, na sauti yake ilikuwa na ukali wa mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi. "Hakukifunga vizuri. Ingemwagika sakafuni."

Ofelia aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka.

"Umemwacha mtu," alisema mwishowe. "Chupa hukuiacha."

Wade alipangusa meza kwa kiganja, pahali pasipo na vumbi. Alipoongea tena alikuwa ameshajikusanya. "Haithibitishi kitu. Mtu anaweza kuishi saa mbili tatu akiwa hana fahamu, mimi si daktari, nilidhani amekufa. Wakili yeyote atasema hivyo. Kosa la kibinadamu."

Hilo lilikuwa kweli, na Ofelia alilijua. Chupa ilimweka Wade karibu na mtu aliye hai, lakini haikusema ni lini wala kwa nini. Baraza lolote la mahakama la Salitre lingemtazama yule mwalimu na shati lake, likamwonea huruma. Carmody angekuja baada ya nusu saa na kalamu yake.

Alianza kukusanya karatasi, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Sawa. Basi itabidi tupate uthibitisho kule kule. Damu kwenye mawe, alama za mikono, vipimo. Mwendesha mashtaka atatuma watu wake kutoka mjini. Kumi, kumi na wawili, na masanduku yao ya vyombo. Si watu wa mapango hao, Wade. Hawajui kuvua viatu."

"Hawawezi kupita."

"Watapanua."

"Nini?"

"La Novia. Don Chevo anasema nyundo na patasi zinatosha, penye mwamba mgumu baruti kidogo. Ni kazi ya siku moja."

Wade alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Askari aliyekuwa mlangoni akapiga hatua. "Huna haki! Yale maua yana miaka laki mbili! Mimi ndiye mtu wa kwanza kuyaona. Miaka kumi na nane nimepita pale zaidi ya mara mia, sijavunja hata moja, hata kwa pumzi yangu!"

"Mahakama haijali maua. Mahakama inajali Russell alikufa lini." Ofelia aliitazama saa. "Kama angekuwepo wa kutueleza, hakuna ambaye angehitaji kuingia mle. Lakini hayupo. Kaa vizuri motelini, Wade. Tutakupigia simu wakianza."

Alikwisha kushika kitasa cha mlango Wade aliposema, "Jumamosi."

"Sikusikia."

"Alikufa Jumamosi usiku." Wade aliinua kiti, akakifuta, akaketi. "Andika. Andika vizuri, nisirudie."

Alieleza kwa mpangilio, na mikono yake ilikaa mezani muda wote. Ijumaa, aliposhuka shimoni, Russell alikuwa na fahamu kamili. Alimwambia wanakwenda kuita watu, atulie, asipige kelele asije akamaliza nguvu. Usiku alipofika kwenye gari alilegeza waya wa betri. Kisha akarudi pangoni, peke yake, akiwa huko kabla ya mapambazuko.

"Kwenda kumsaidia?"

"Kwenda kuona kama bado yu hai."

"Na alikuwa bado."

"Nilikaa juu ya shimo, nikazima taa. Alijua kuna mtu, alisikia kamba. Aliita jina langu, akaita la Lorna. Aliomba maji. Baadaye akawa anaimba, halafu anaita tena. Sikujibu. Kujibu kungemrefushia tu." Aliyasema hayo kama mtu anayetarajia kushukuriwa. "Alipokuwa amenyamaza kwa muda wa saa tatu, nikashuka."

Kalamu ya Ofelia ilikuwa imesimama. Alikuwa ameandika maungamo mengi katika miaka ishirini na mbili, ya walevi, ya waume, ya mama mmoja aliyemzamisha mwanawe kwenye hori la maji ya ng'ombe, na yote aliyaandika bila kuinua kalamu. Sasa aliiweka mezani.

"Alikuwa rafiki yako miaka kumi na tano," alisema. "Hukumpa hata nafasi."

"Nilimpa!" Wade aliinama mbele, na kwa mara ya kwanza alionekana ameumizwa kweli. "Ijumaa nilimuuliza. Nilimweleza waziwazi, Russ, machela haipiti, watavunja La Novia yote. Unajua alisema nini? 'Wavunje.' Hivyo tu. Hata hakufikiri. Angesita kidogo, Sajenti, angesita hata kidogo tu, ningekwenda kuwaita."

Askari wa mlangoni, kijana mkubwa wa shamba, alikuwa ametazama sakafu.

Ofelia alimaliza kuandika saa sita kasoro dakika nne. Wade aliisoma kila karatasi, akasahihisha pahali pawili ambapo vipimo vya pango vilikosewa, akatia sahihi.

"Sasa hawataingia," alisema.

Ofelia aliitia chupa kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika tarehe. Askari akamfunga Wade pingu kwenye pete ya meza.

"Sajenti. Nimekupa kila kitu. Hamtavunja, sivyo?"

Jibu lilikuwa jepesi. Maungamo yaliyotiwa sahihi yalitosha, na hakuna mwendesha mashtaka ambaye angepoteza hata siku moja kwenda kuchimba mlima. Neno moja lingemtosha yule mtu, na lilikuwa mdomoni mwa Ofelia tayari. Alilimeza, akatoka, akafunga mlango.

Sauti ilimfuata kupitia ubao. "Sajenti Lucero! Niambie tu, ndiyo au hapana!"

Alikwenda kwa Carmody akaiweka ile fomu ya ajali kwenye kikapu cha taka, mbele ya macho yake, na maungamo juu ya meza. Sherifu alisoma ukurasa wa kwanza, akavua kofia. Ofelia hakungoja afike wa pili. Alirudi koridoni, akaketi kwenye benchi kando ya Don Chevo, akanyoosha goti.

Kule ndani pingu zilikuwa zinagonga meza. "Yale maua hayajafanya kosa lolote! Tafadhali! Kuna mtu hapo? Najua kuna mtu hapo!"

Don Chevo aliutazama mlango, akamtazama yeye. "Hutamjibu?"

"Nitamjibu."

"Lini, mwanangu?"

"Akinyamaza," alisema Ofelia.